Kipepeo wa Mlima Itundula

Katika miaka sita ya kutambua vipepeo kwa picha, Veridiana Manirakiza alikuwa ameandika jibu moja mara nyingi kuliko majibu mengine yote yakijumlishwa: "Kwa picha hii, haiwezekani kujua."

Hakuwa mvivu, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Ulyankulu, na kila alasiri, akishamaliza kusahihisha madaftari, alifungua simu yake na kuingia kwenye mtandao ambao watu wa nchi mbalimbali hutuma picha za wadudu wakiomba kuambiwa majina yao. Yeye alikuwa amejichagulia kundi lililowashinda wengi: vipepeo wadogo wa kahawia, wenye ukanda wa rangi ya chungwa na madoa meusi mfano wa macho. Hao hufanana kama punje za mtama. Mmoja wao anaishi milimani tu, huko juu kwenye baridi na ukungu. Mwenzake anaishi nyikani, popote penye majani. Ukiwatazama mgongoni huwatofautishi hata ulishwe yamini. Siri yao iko upande wa chini wa bawa la nyuma: wa mlimani ana madoa matano, wa nyikani ana sita. Na watu, kwa jinsi walivyoumbwa, hupiga picha ya mgongoni.

Mumewe Fideli, mkulima wa tumbaku, alilitazama jambo hilo kwa masikitiko.

"Mama Julieth," alimwambia siku moja wakila, "mteuzi wa tumbaku akija pale ghalani anashika jani, sekunde tatu, anatamka daraja. Pengine hajui, lakini anatamka. Ndiyo maana tunampa kiti chenye mgongo. Wewe unajua, halafu unasema hujui. Nani atakupa kiti?"

"Sisemi sijui. Nasema picha haioneshi."

"Kwa mtu anayesubiri jibu, ni kilekile."

Pengine tabia hiyo ilikuwa na mzizi wake. Wazazi wa Veridiana walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa shamba msituni, na yeye akazaliwa hapohapo Ulyankulu. Kabla uraia haujatoka alikuwa amepigwa picha za kutambuliwa kuliko kipepeo yeyote: picha ya fomu, picha ya kadi, picha ya fomu ya kubadilishia kadi. Kila karani aliitazama picha, akamtazama yeye, akaamua papo hapo yeye ni nani. Baadhi walipatia. Tangu hapo hakupenda kumpachika kiumbe yeyote jina kwa haraka.

Basi mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni, uliingia ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa mtu asiyemfahamu.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Deus, katibu wa Kamati ya Tamasha la Njia ya Misafara, Tabora mjini. Nimepewa namba yako na mwanafunzi wako wa zamani. Tafadhali tuambie huyu kipepeo ni nani. Ni haraka."

Chini yake palikuwa na picha. Kipepeo wa kahawia juu ya jiwe, amekunjua mabawa, kapigwa kwa juu, na mkono wa mpigaji ulikuwa umetikisika. Veridiana aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Kisha akaandika kwa uangalifu: "Marahaba. Anaweza kuwa yule wa mlimani, ambaye ni adimu sana. Lakini pia anaweza kuwa yule wa nyikani, wa kawaida, na hilo ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi. Kwa picha hii, haiwezekani kujua. Naomba picha ya upande wa chini wa bawa la nyuma."

Deus alijibu kwa alama tatu za kupiga makofi.

Veridiana hakujua kwamba kamati hiyo ilikuwa imekaa vikao vinne ikitafuta kitu cha kuonesha. Tamasha lilikusudiwa kuwavuta wageni kwenye njia ya kale ya misafara, ile iliyopita Tabora kuelekea Ujiji, na kamati ilikuwa na turubai, mgeni rasmi na kikundi cha ngoma ya manyanga. Kilichokosekana ni sababu. Mwenyekiti, Mzee Raymundi Ngollo, mwenye nyumba mbili za wageni mjini, aliwauliza wajumbe: "Wenzetu wana tembo, wana twiga, wana theluji. Sisi mgeni akishuka tumwoneshe nini? Miembe?" Ndipo Deus, aliyekuwa amekwenda kukagua uwanja chini ya kilima cha Itundula, akatoa simu yake na kusema kwamba alimwona mdudu fulani kule, labda ana maana.

Jibu la Veridiana lilipofika, Deus alilisoma mbele ya kikao. Alisoma sentensi mpaka pale penye "adimu sana", akaweka simu mezani. Wajumbe walipiga makofi.

Siku tatu baadaye wanafunzi wa kidato cha pili walimpokea Veridiana mlangoni kwa kusimama wima.

"Shikamoo Dokta!"

"Dokta nani?"

Walikuwa wamesikia redioni. Mtangazaji alisema kwamba Dokta Veridiana wa Ulyankulu, bingwa wa vipepeo anayetambulika kimataifa, amethibitisha kuonekana kwa kipepeo adimu wa mlimani katika Mkoa wa Tabora, na kwamba tamasha la mwezi wa tano lingekuwa kwa heshima ya kipepeo huyo.

Veridiana alitoka nje, akampigia Deus.

"Kaka Deus, mimi sikuthibitisha. Nilisema haiwezekani kujua."

"Mwalimu, ulisema anaweza kuwa."

"Nilisema pia anaweza asiwe!"

"Hilo tumelihifadhi kwenye kumbukumbu za kikao," alisema Deus kwa upole. "Redioni muda ni mfupi."

"Sasa sikiliza. Yule wa mlimani anaishi milimani. Juu, kwenye baridi. Itundula nakifahamu. Ni kilima. Mbuzi wanapanda na kushuka kabla chai haijachemka."

Upande wa pili Veridiana alisikia kalamu ikiandika.

"Asante mwalimu," alisema Deus. "Hilo ni jambo la msingi. Tutalifanyia kazi."

Wakalifanyia kazi kweli. Wiki iliyofuata kamati ilikaa na kukipandisha cheo kilima cha Itundula. Deus alikuwa amesimama juu yake na simu, na simu ikasoma mita elfu moja mia tatu na arobaini kutoka usawa wa bahari. Mjumbe mmoja alijaribu kusema kwamba Tabora nzima iko mita elfu moja na mia mbili kutoka usawa wa bahari, hivyo kwa hesabu hiyo hata kitanda chake kiko mlimani. Mzee Ngollo alimuuliza kama yeye ni mwenzao au ametumwa. Kibao kikapakwa rangi upya: MLIMA ITUNDULA, MAKAZI YA KIPEPEO ADIMU. Na ili kipepeo asisumbuliwe, kamati ikazungusha kamba ya katani kuanzia chini, ikatundika vitambaa vyekundu na onyo: USIKATE, USICHIMBE, USIPIGE KELELE.

Veridiana hayo hakuyaona. Aliyaona mtu mwingine, naye akaja kuyasema.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa za mapumziko. Mwanamke wa makamo, mrefu, mikono imekomaa kama gome la mninga, aliingia kwenye ofisi ya walimu akiwa na matope ya lori alilopanda tangu alfajiri. Veridiana aliinuka akamsogezea kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naitwa Mwanajuma, natoka Itundula. Namtafuta Dokta wa vipepeo. Sijui kama yuko, hawa wazungu huwa hawakai."

"Ni mimi, mama. Ila si dokta."

Mwanajuma alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili za Veridiana, ambazo alizivaa kwa sababu ya mvua.

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi afadhali. Nilikuwa najiuliza matusi nitayatoaje kwa Kiingereza."

Akaeleza. Yeye na wanawake wengine tisa walikuwa wakiponda kokoto Itundula kwa miaka kumi na mmoja. Kokoto za darasa la kata, za zahanati, za msingi wa nyumba ya wageni ya huyo huyo Mzee Ngollo, zote zilitoka mikononi mwao. Sasa wamefungiwa nje kwa kamba. Waliuliza mpaka lini, wakaambiwa mpaka kipepeo atakapozoea. Waliuliza kipepeo mwenyewe yupi, wakaoneshwa bango.

"Kwenye bango yuko wa bluu," alisema Mwanajuma. "Bluu kama sare ya kwaya. Miaka kumi na mmoja, mwanangu, sijamwona mdudu wa bluu pale. Nimewaambia, wakasema ndiyo maana yake adimu."

Veridiana aliomba aone. Mwanajuma alikuwa nalo kwenye mkoba, limekunjwa: tangazo la tamasha, na juu yake kipepeo wa bluu inayong'aa, wa misitu ya Amerika ya Kusini, ambaye hata akipandishwa ndege asingejua Tabora ni wapi. Veridiana alimpigia Deus palepale.

"Mwalimu, tuseme ukweli," alisema Deus. "Yule wa kahawia hana mvuto. Huyu tumemweka kwa niaba yake."

Veridiana alikata simu. Alikaa akiitazama mikono ya Mwanajuma iliyolala mapajani bila kazi. Sentensi yake mwenyewe, aliyoiandika kwa uangalifu wote huo, ndiyo iliyokuwa imezungushiwa kamba kilimani. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimkera kwa sababu hakuwa amekosea hata neno moja.

"Jumamosi nakuja, mama," alisema. "Nitampiga picha mwenyewe."

Fideli alimpeleka kwa pikipiki. Njia nzima alikuwa akimshauri mkewe atamke tu, jambo liishe. Walimkuta Mwanajuma anafyeka majani ya njiani kwa panga, na mlinzi wa kamba, kijana wa kamati aliyewekwa pale, alikuwa amelala. Fideli alibaki chini na pikipiki, kwa maelezo kwamba mlinzi anahitaji kulindwa. Veridiana na Mwanajuma wakainua kamba wakapita.

Walikaa kwenye jiwe pana lililochongwa na miaka ya nyundo. Vipepeo wa kahawia walikuwepo, tele, wakirukaruka chini chini kwenye nyasi kama wanatafuta sindano iliyopotea. Kila Veridiana aliposogea, waliinuka. Alipiga picha za nyasi, picha za kivuli chake, picha ya kisigino cha Mwanajuma.

"Unawakimbiza," alisema Mwanajuma. "Huyu ukimkimbiza hakuoneshi kitu. Mpaka jua la saa tatu anakunjua mabawa aote jua. Joto likishampata anayafunga, kama mtu anafunga kitabu. Kaa hapo penye unyevu, usitingishike. Watakuja kunywa."

"Umejuaje, mama?"

"Ukiponda mawe, mkono unafanya kazi, macho hayana kazi."

Wakakaa. Jua lilipanda. Mwanajuma alieleza kwamba kuna wengine wadogo zaidi huja baada ya mvua ya kwanza, na kwamba hawa wakubwa kidogo dume lake hugombana mpaka na vumbi. Veridiana, aliyekuwa ametambua kwa picha vipepeo wa nchi kumi na nne, aligundua kwamba nusu ya hayo hakuwahi kuyasoma popote. Kipepeo mmoja alitua kwenye tope mbele ya magoti yake, akafunga mabawa, akatulia. Veridiana alishika pumzi, akabonyeza.

Picha ilitoka safi. Aliikuza mpaka bawa likajaa kioo, akaanza kuhesabu madoa kwa ukucha wa kidole kidogo. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Halafu pembeni kabisa, kwenye kona ya bawa, dogo kama ncha ya pini, la sita.

Alihesabu tena. Akahesabu mara ya tatu akianzia upande wa pili, eti labda ukianzia huku yanakuwa machache. Hapo ndipo alipojishtukia. Alikuwa akitamani yawe matano. Alikuwa akitamani redio iwe imesema kweli, awe yeye aliyemwona kipepeo wa mlimani mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona, na jina lake liandikwe. Alikuwa na kamati nzima ndani ya kifua chake, na mwenyekiti wake.

"Mangapi?" aliuliza Mwanajuma.

"Sita."

"Sita ndiyo nzuri au mbaya?"

"Sita ndiyo ukweli, mama. Ni wa kawaida."

Walimsubiri mwingine, na mwingine, mpaka wakafika saba. Wote wana madoa sita.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Veridiana alituma picha zote saba kwa Deus pamoja na maelezo ambayo safari hii aliyaandika kwa sentensi moja, isiyokatika katikati: "Siye wa mlimani." Saa hiyohiyo alipigiwa na Mzee Ngollo mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba Dokta. Nimeziona. Picha nzuri sana. Sasa nimehesabu, na huyu katibu amehesabu, kweli ni sita. Wa mlimani, katibu amesoma mtandaoni, ana matano. Tofauti ni doa moja. Kwa doa moja tutavunjiana heshima?"

"Mzee, hata mzima na marehemu tofauti yao ni pumzi moja."

Mzee Ngollo alicheka kwa adabu. "Vijana wanasema kwenye simu kuna sehemu ya kufutia. Chunusi zinafutwa, makunyanzi yanafutwa. Hicho kidoa ni kama chunusi."

"Nikikifuta, mzee, kipepeo bado atakuwa nacho."

"Nani atamshika ahesabu?" Akashusha sauti, ikawa ya baba. "Dokta, nisikilize. Wewe kwa asili ni mtu wa milimani. Kwenu Burundi ni milima mitupu. Huoni fahari kipepeo wa kwenu akipatikana huku?"

Veridiana aliikaza simu sikioni. Maneno hayo alikuwa ameyasikia katika sura nyingi, mengine yakiwa na mihuri.

"Mimi nimezaliwa Ulyankulu, mzee. Mlima wa kwanza kuupanda maishani mwangu ni hicho kilima chenu, jana."

Mzee Ngollo alimwambia kwamba jina lake liko kwenye ratiba, saa tano na robo, na kwamba anamwamini.

Siku ya tamasha uwanja ulipendeza. Turubai lilikuwa na mapambo ya bluu, fulana za bluu, na keki ya bluu ambayo mgeni rasmi aliikata kwa jambia. Mgeni huyo, mheshimiwa mmoja aliyekuja kutoka mbali na msafara wa magari sita, alikuwa mtu mnene mchangamfu, aliyezoea kuambiwa mambo dakika moja kabla ya kuyahutubia. Ngoma ya manyanga ilichezwa, vumbi likapanda. Wanawake wa kokoto walisimama nyuma, upande wa jua, kumi kwa hesabu, wamevaa kanga zao nzuri. Fideli alikuwa amepata kiti chenye mgongo, kama mume wa Dokta, na alikaa juu yake kwa uangalifu kama mtu aliyeazima suruali.

Deus, ambaye pia alikuwa mshereheshaji, alimwita Veridiana mbele. Mgeni rasmi akamshika mkono.

"Dokta, umetuletea heshima. Sasa nataka wananchi wasikie kutoka kinywani mwako. Huyu kipepeo wa mlimani, ndiye au siye?"

Kipaza sauti kilisogezwa. Alimwona Mzee Ngollo kwenye safu ya kwanza akitikisa kichwa kwa upole, juu, chini, juu, chini, kama anamfundisha mtoto.

"Siye," alisema.

Turubai zima lilinyamaza. Hata jenereta ilionekana kusikiliza. Deus ndiye aliyezinduka wa kwanza. Alichukua kipaza sauti kwa kasi ya mtu anayedaka glasi inayoanguka.

"Si ye-yo-te tu!" alipaza sauti. "Mtaalamu anasema huyu si kipepeo yeyote tu! Makofi jamani!"

Makofi yakalipuka. Vigelegele vikapigwa. Mgeni rasmi alipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Fideli naye alipiga, kisha akamtazama mkewe, akaacha.

Veridiana alinyoosha mkono akakishika kipaza sauti. Hakukivuta. Alikishikilia tu mpaka Deus akaona aibu, akakiachia.

"Nimesema siye," alirudia. "Huyu si kipepeo wa mlimani. Ni kipepeo wa kawaida wa nyikani. Yuko hapa, yuko Urambo, yuko Kaliua, yuko nyuma ya choo cha shule ninayofundisha. Huyo wa bluu hayuko Afrika kabisa. Na nilisema tangu siku ya kwanza."

Mtu mmoja alikohoa. Mgeni rasmi aliitazama karatasi ya hotuba yake, ambayo kurasa zake nne zote zilikuwa na neno "adimu". Akaikunja, akaitia mfukoni. Mtu hafiki kwenye magari sita bila kujifunza kugeuka barabarani.

"Wa kawaida!" alisema, na sauti yake ikaanza kunona. "Ndugu wananchi, mmesikia? Wa kawaida! Kwani mimi nani? Si mtoto wa mkulima wa kawaida? Nyinyi nani? Si wananchi wa kawaida? Kwa nini tumtukuze kipepeo wa vigogo, anayekaa juu huko kwenye baridi peke yake, tumsahau kipepeo wa wananchi?"

Uwanja ulipiga kelele kuliko mara ya kwanza. Mzee Ngollo, ambaye kwa dakika mbili alikuwa ameonekana kama mtu aliyemeza kokoto, alisimama akapiga makofi. Wajumbe wote wakasimama. Ilionekana wazi kwamba kamati haikuwahi kutaka kitu kingine zaidi ya kipepeo wa kawaida.

Kelele zilipopungua, sauti ya kike ilitoka nyuma, upande wa jua.

"Mheshimiwa! Kama ni wa kawaida, kamba itolewe?"

Mgeni rasmi alitafuta sauti ilikotoka. "Kamba ya nini, mama?"

"Waliyotufungia kilimani. Sisi waponda kokoto. Mwezi mzima tumekaa, tunamsubiri kipepeo azoee."

Mheshimiwa alimgeukia Deus. Deus alimgeukia Mzee Ngollo. Mzee Ngollo aligeuka, lakini nyuma yake palikuwa na turubai.

"Mmewafungia wananchi wa kawaida," aliuliza mheshimiwa polepole, kwenye kipaza sauti, "kwa ajili ya kipepeo wa kawaida?"

"Ilikuwa kamba ya muda, mheshimiwa," alisema Deus.

"Muda wake umekwisha."

Kamba ilikatwa siku hiyohiyo. Jumatatu nyundo zilisikika Itundula kuanzia saa moja. Mtu angedhani kamati imeaibika, lakini ripoti yake, ambayo Veridiana alitumiwa nakala, ilieleza kwamba tamasha lilifanikiwa kwa kiwango kikubwa na kwamba Tabora sasa ni mkoa wa kwanza kumtambua rasmi kipepeo wake wa kawaida. Kibao cha MLIMA kilibaki, maana hakuna kikao kilichokuwa na mamlaka ya kuushusha mlima cheo. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na pendekezo kwamba mwakani utafutwe mjusi.

Siku ya tano baada ya tamasha, wakichambua majani ghalani, Fideli alimwonesha mkewe jani moja na kumuuliza daraja lake.

"Mimi sijui tumbaku," alisema Veridiana.

"Najua hujui. Nilitaka tu kusikia mtu akisema hajui," alisema Fideli, akaliweka jani kwenye fungu lake.

Mwanajuma alinunua simu yenye kamera kutoka kwa mpwa wake. Alijifunza kutuma picha, na picha zake zilikuwa nzuri kuliko za watu wengi wenye mashine za bei mbaya, kwa kuwa hakuwa na haraka na hakuwa akitafuta sifa. Veridiana alimfungulia ukurasa kwenye mtandao wa wadudu, na kabla mwezi wa sita haujaisha mtu mmoja wa huko ng'ambo alikuwa ameuliza huyu Mwanajuma ni profesa wa chuo gani.

Asubuhi moja ya kiangazi, Veridiana akiwa darasani, simu ilitetemeka mfukoni. Aliwapa wanafunzi zoezi, akaifungua. Ilikuwa picha kutoka kwa Mwanajuma: kiwavi mnene wa kijani, kichwa chini, kwenye jani la kiazi lililoliwa nusu.

"Huyu nimemkuta anamaliza matembele yangu," Mwanajuma alikuwa amerekodi kwa sauti, na nyuma yake jogoo alikuwa akiwika. "Nimekuuliza kwanza, mwanangu, nisije nikaingia matatani. Ana kamati huyu?"

Veridiana aliitazama picha, akatabasamu, akaisogeza simu mdomoni.

"Hana, mama."

"Basi namponda," alisema Mwanajuma.